Kinachokula Ukuta Hula na Mkono



Chama cha wafanyakazi kikizungumza habari za vyoo, wako watakaocheka. Watasema: zungumzeni mishahara, zungumzeni saa za kazi, vyoo waachieni wenye nyumba. Sisi twasema ya kwamba choo ni mahali pa kazi. Kila asubuhi, kabla ya mgeni kuamka katika nyumba ya kulala, kabla ya karani kufika ofisini na kabla ya watoto kuingia darasani, yuko mtu aliyekwisha kupiga magoti chooni, kitambaa mkononi. Mtu huyo ni mfanyakazi kama sisi. Mara nyingi ni mama yetu au dada yetu. Zamani aliyefanya kazi hiyo aliitwa topasi, na watu wakalifanya jina hilo kuwa tusi. Siku hizi jina limeachwa, lakini ni wachache wanaomwuliza anatumia dawa gani na dawa hiyo inamfanya nini.

Tunalotaka kusema ni hili. Uchafu wa kila siku wa choo na bafu waweza kuondoshwa kwa vitu vilivyoko jikoni na sokoni, kila kitu kikitumiwa kwa kazi yake. Na tajiri anayempa mfanyakazi chupa ya asidi kali, bila glavu na bila mafunzo, anaharibu vitu viwili kwa mara moja: nyumba yake mwenyewe na mwili wa mtu.

Tumechagua mfano wa Lamu, maana huko jambo hili laonekana kwa macho. Sisi wa reli hatuna stesheni Lamu. Ujenzi wa bandari mpya ulizinduliwa mwaka 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, lakini reli iliyotangazwa pamoja nayo haijajengwa. Hata hivyo wenzetu wengi wa Mombasa wana jamaa huko, na wako katika jamaa hao wanaopata riziki yao kwa kufagia, kufua na kusafisha katika nyumba za wageni za Lamu mjini na Shela. Shida yao ni shida yetu.

UKUTA WA LAMU

Mji wa kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe. Ikipakwa ukutani huvuta hewa polepole, ikakauka, ikarudi kuwa jiwe, jiwe la asili ile ile iliyotoka baharini. Katika nyumba za kale hata choo kimepakwa chokaa hiyo, na birika la maji pia. Mafundi waliisugua mpaka ikawa laini, maji yakateleza juu yake.

Sasa, asidi na chokaa ni maadui. Maji ya ndimu ni asidi. Siki ni asidi. Ile dawa ya choo ya dukani, yenye asidi ya chumvi, ni kali kupita hizo mbili kwa mbali. Yoyote katika hizo ikigusa chokaa hutoa povu. Watu huliona povu wakafurahi, wakidhani ni uchafu unaotoka. La, ni ukuta unaotoka. Povu hilo ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, na jiwe linayeyuka. Ukuta uliokuwa laini hupata vitundu. Vitundu hushika maji, maji huleta koga, koga huleta weusi, na weusi humfanya mwenye nyumba kununua asidi nyingine. Mwishowe huitwa fundi kubandua lipu yote, na lawama huangukia aliyesafisha, si aliyenunua chupa.

Kipimo ni rahisi. Tia tone moja la ndimu pembeni, mahali pasipoonekana. Likitoa povu, hapo si mahali pa ndimu, wala siki, wala asidi ya aina yoyote. Kipimo hiki chafaa pia kwa sakafu ya marumaru, maana marumaru ni ndugu wa chokaa.

MKONO WA MFANYAKAZI

Asidi kali haichagui. Inayokula jiwe hula ngozi pia. Mvuke wake huchoma pua na kifua, na tone moja likiingia jichoni laweza kuharibu macho ya mtu maisha yake yote. Vyoo vingi vya nyumba za kale viko ndani, na tundu la hewa ni dogo. Mfanyakazi akiinama juu ya bakuli, mvuke hauna pa kwenda ila usoni mwake.

Katika karakana, anayeshughulika na asidi ya betri anatakiwa kuvaa glavu, aproni na miwani, na maji ya kuoshea macho yawe karibu. Hakuna fundi atakayekubali kuigusa mikono mitupu, na akikubali, wenzake watamzuia. Kwa nini basi asidi ya choo ihesabiwe kuwa kitu kidogo? Je, ni kwa sababu anayeishika hana cheo cha fundi?

Mwenzetu mmoja aliyekwenda Lamu kwa likizo alikuta katika nyumba moja ya wageni asidi imetiwa katika chupa ya soda. Haina karatasi wala jina, nayo imewekwa karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Msafishaji alikuwa ameambiwa maneno machache tu: “Mwaga kidogo, na usivute pumzi.” Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yake yote. Mtoto akiiona chupa ile na kiu imemshika, tutasema nini?

KILA KITU KWA KAZI YAKE

Tunaandika hapa vitu vya kawaida na kazi ya kila kimoja, ili mwanachama awasomee walio nyumbani na walio kazini.

1. Maji, sabuni na ufagio. Hivi ndivyo vya kwanza, na kwa uchafu wa siku moja vinatosha. Sugua kwa sabuni ya kipande na makumbi ya nazi, suuza, kisha ukaushe kwa kitambaa na kuacha mlango wazi. Kukausha ni nusu ya kazi. Koga haioti mahali pakavu. Anayesafisha kila siku kwa sabuni hana haja ya kupigana vita kila mwisho wa mwezi.

2. Magadi. Sisi wa reli tunayajua magadi, maana kwa miaka mingi yamebebwa na mabehewa kutoka Ziwa Magadi kwa njia ya tawi hadi Konza, na kutoka hapo hadi Mombasa. Wazee wetu wa zama za mvuke waliyajua kwa njia nyingine pia. Maji magumu yakichemka huacha magamba ndani ya boila, na reli nyingi duniani zilitia magadi katika maji ya injini ili kuyazuia. Chooni kazi yake ni ya namna hiyo. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi huigandisha sabuni, ikawa utando mweupe sakafuni badala ya povu. Magadi huyalainisha maji, na huondoa mafuta ya mwili na utelezi wa sabuni. Tia vijiko viwili katika lita moja ya maji ya moto, mwaga sakafuni, ngoja robo saa, sugua kwa ufagio mgumu, suuza. Magadi si asidi, kwa hiyo hayayeyushi chokaa. Lakini hukausha ngozi na huwasha macho, basi vaa glavu.

3. Ndimu na siki. Kazi yake ni juu ya kaure ya bakuli la choo na juu ya bomba la chuma, mahali maji yalipoacha magamba meupe. Rovya kitambaa katika siki au maji ya ndimu, zungushia bomba, ngoja nusu saa, sugua, suuza kwa maji mengi. Kutu iliyochora mstari katika kaure huondoka kwa ndimu na chumvi. Usiviache usiku kucha, na visiguse lipu ya chokaa, marumaru wala saruji. Ukitumia ndimu ukiwa na mkwaruzo mkononi, utajua mwenyewe kwa nini twasema glavu.

4. Majivu. Kwa choo cha shimo, konzi ya majivu makavu ya kuni kila baada ya kutumia hupunguza harufu na nzi. Yasitiwe katika choo cha kuvuta maji, maana yataziba bomba. Na yawe yamepoa kabisa.

5. Chokaa yenyewe. Ukuta wa chokaa uliopata weusi haufai kusuguliwa kwa nguvu. Pangusa koga kwa brashi laini na maji kidogo ya sabuni, acha ukauke, kisha upake chokaa mpya. Chokaa mbichi ni kali, nayo huua koga. Ndiyo sababu wazee walipaka kuta zao tena na tena. Haikuwa kwa ajili ya uzuri tu. Apakaye avae miwani na glavu, maana chokaa mbichi ikiingia jichoni yaweza kupofusha.

USICHANGANYE

Wako wanaofundisha ya kwamba magadi na siki vikichanganywa vinakuwa dawa kubwa, kwa sababu ya lile povu. Povu hilo ni mapigano ya asidi na magadi, na mapigano yakiisha, wote wawili wamekwisha nguvu. Yanayobaki ni maji yenye chumvi ya aina fulani. Umetumia siki yako na magadi yako, umebaki na maji. Tumia kimoja, suuza, kisha tumia kingine kama kuna haja.

Mchanganyiko huo ni hasara ya pesa tu. Uko mwingine ambao ni hasara ya roho. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, yenye klorini, ikikutana na asidi ya choo, au siki, au ndimu, hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo ambayo jeshi la Ujerumani liliwaachilia adui zake karibu na Ypres, katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na askari wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Kuichanganya dawa hiyo na amonia ni hatari vilevile, na hata mkojo uliokaa una amonia ndani yake. Kwa hiyo choo kisuuzwe kwa maji mengi kwanza. Mfanyakazi aliyepewa chupa mbili zisizo na jina, akaambiwa atumie zote ili choo king'are, amepewa silaha ya vita bila kujua.

Hatusemi klorini haina kazi. Kipindupindu au ugonjwa mwingine wa tumbo ukiingia mtaani, ndimu na magadi hazitoshi, na mtu asidanganywe. Hapo klorini yatakiwa, peke yake, kwa kipimo cha bwana afya au cha karatasi ya chupa, baada ya uchafu kuoshwa kwa sabuni, na milango ikiwa wazi. Dawa kali iitwe kwa kazi kali. Isifanywe kuwa manukato ya kila asubuhi.

MAJI YENDAPO

Wazee wa Lamu walikuwa na desturi ya kutia samaki wadogo katika birika la chooni ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika walijengea bakuli la kaure, maji yakipungua samaki wapate mahali pa kukaa. Birika lenye samaki hai lilikuwa shahidi: hakuna aliyeweza kumwaga sumu humo bila nyumba nzima kujua. Twaona hapo hekima. Nyumba iliyoweza kuwatunza samaki chooni haikosi njia ya kumtunza mtu anayekisafisha choo hicho.

Tena, yanayomwagwa chooni hayapotei. Maji matamu ya Lamu ni maji ya mvua yaliyonyweka katika vilima vya mchanga vya Shela, yakakaa juu ya maji ya chumvi. Visima si virefu. Katika Pate na visiwa vingine watu wamezoea kuyakusanya maji ya mvua katika jabia, na kila ndoo ina thamani. Mahali pa namna hiyo, shimo la choo na kisima ni majirani. Klorini ikimwagwa kila siku katika tangi la choo huua vijidudu vinavyoozesha uchafu, na tangi hujaa kabla ya wakati wake.

HAPA NDIPO PENYE HAKI

Sasa twataka kuwatahadharisha wenzetu juu ya jambo moja. Tajiri mwerevu akisoma maneno yetu aweza kusema: “Vizuri, chama kimesema ndimu na magadi vinatosha. Basi leteni ndimu zenu kutoka nyumbani.” Au atasema: “Hizi ni vitu vya jikoni tu, glavu za nini?” Hapo atakuwa ameyapindua maneno yetu. Vifaa vya kazi ni vya mwenye kazi kununua. Dereva wa gari moshi haji na dizeli yake kutoka nyumbani.

Tena, kazi ya makumbi na magadi yataka muda zaidi kuliko kumwaga asidi. Magadi yangoje robo saa, kitambaa cha siki nusu saa, na sakafu ikaushwe. Mtu aliyepewa vyoo kumi na viwili kabla ya saa nne asubuhi hawezi. Asidi hupendwa kwa sababu ni ya haraka, na faida ya haraka hiyo humwendea tajiri, madhara humbakia msafishaji. Kwa hiyo anayetaka vyoo safi bila asidi, hapana budi aongeze watu au apunguze vyumba kwa kila mtu. Hilo ndilo neno ambalo matajiri wengi hawapendi kulisikia, nalo ndilo linalotufanya tuseme ya kwamba choo ni habari ya chama.

Sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi mavazi ya kujikinga, yakiwa ni pamoja na glavu, viatu na miwani panapohitajika, akiwa katika kazi ya majimaji au ya kushika vitu vyenye madhara. Yataka pia kemikali za hatari ziwe na lebo. Na mahali palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, yataka pawe na kamati ya usalama na afya. Sheria lakini haina miguu. Haiingii chooni mpaka mtu aichukue mkononi na kwenda nayo.

Wafanyakazi wa nyumbani na wa mahoteli wana chama chao, KUDHEIHA, na sisi hatutaki kulima shamba la wenzetu. Lakini katika matawi yetu wenyewe wako wanaosafisha stesheni, mabehewa na maofisi, na wengine wameajiriwa kwa mkataba wa kampuni nyingine, hawana wa kuwasemea. Basi twaziomba kamati za matawi zidai mambo haya manne:

Kwanza, chupa yoyote isiyo na jina itolewe chooni leo, wala dawa isitiwe tena katika chupa ya soda au ya maji.

Pili, asidi kali iondolewe katika kazi ya kila siku. Ikiwa lazima itumike, iwe ni kwa mtu aliyefundishwa, mwenye glavu, miwani na viatu.

Tatu, sabuni, magadi, siki, brashi na glavu zinunuliwe na mwajiri, na hesabu ya vyumba ifanywe upya kulingana na muda wa kazi.

Nne, katika kila kamati ya usalama awemo msafishaji mmoja. Asiwe mtu wa kuleta chai katika mkutano. Awe mjumbe mwenye sauti, maana yeye ndiye anayeijua harufu ya chupa hizo.

Waswahili husema, kazi mbi si mchezo mwema. Kusafisha choo si kazi ya aibu. Ni kazi ya ujuzi: kujua jiwe gani haligusi asidi, maji gani yanagandisha sabuni, na chupa zipi zisikae pamoja. Mwenye ujuzi huo anawalinda watu wote wa nyumba na maradhi. Wajibu wetu ni kuona ya kwamba akirudi nyumbani jioni, mikono yake ni mizima na kifua chake chavuta hewa sawasawa.

Someni makala haya katika mikutano ya matawi, na mtuletee majibu ya matajiri wenu.

Umoja ni nguvu.